Upinde wa Watu Wawili

Germaine alikuwa fundi wa kushona katika mtaa wa Makomeno, enzi ambazo mji wa Lubumbashi bado ulikuwa ukiitwa Elisabethville. Mume wake, Anaclet, alifanya kazi kwenye treni za mizigo. Wote wawili walikuwa Baluba wa kaskazini mwa Katanga, pande za Kabalo, na walipewa nusu ya nyumba ya matofali iliyojengewa wafanyakazi wa reli. Nusu ya pili ilikuwa ya Edouard, karani wa stesheni, na mke wake Kapinga, aliyeuza vitambaa sokoni. Hao walikuwa Baluba wa Kasai. Ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba, kiasi kwamba Kapinga akikohoa, Germaine alijua kama ni mafua au ni moshi wa makaa.

Kazi ya kushona ndiyo iliyompeleka Germaine kwenye uwanja wa mishale. Wabelgiji fulani walikuwa na klabu yao nje kidogo ya mji. Kila Jumapili walisimama mstari mmoja na kupiga shabaha za turubai zilizojazwa nyasi kavu, na turubai zilipochanika waliitwa mafundi kuzishona. Germaine alikaa pembeni na sindano yake kubwa, lakini macho yake hayakukaa kwenye sindano.

Pinde zile hazikufanana na upinde wa baba yake. Baba aliwinda kwa upinde ulionyooka kama fimbo mpaka utiwe kamba, na mtoto wa kike hakuruhusiwa hata kuugusa. Walisema utapoteza nguvu. Hizi za klabu zilikuwa na ncha zilizopinda kwenda mbele, kama midomo ya mtu anayetaka kusema neno. Siku moja Germaine alimtazama mama mmoja wa Kizungu, mnene, wa makamo, akivuta kamba mpaka kidole kikagusa kona ya mdomo. Yule mama akatulia. Uso wake wote ukatulia. Germaine hakuwahi kumwona mwanamke aliyesimama akiwa ametulia hivyo. Wanawake aliowajua, wakisimama, walikuwa na kitu kichwani, mgongoni au motoni. Tangu siku ile alitamani kusimama vile, hata kwa dakika moja.

Kisha ukaja uhuru, na kabla watu hawajamaliza kuusherehekea Katanga ikatangaza kujitenga na Kongo. Wazungu wengi wakafunga masanduku. Germaine alipopita tena kwenye uwanja wa klabu alikuta shabaha alizozishona zimeliwa na mchwa. Alirudi nyumbani, akaenda upande wa pili wa ukuta, kwa Kapinga, ambaye alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Kapinga, mi nataka kupiga upinde."

Kapinga alikuwa akichagua maharagwe. "Unataka kupiga nani?"

"Hapana kupiga muntu. Kupiga mushale tu, sawa bale ba-madame ba ku klabu."

"Na upinde utaipata wapi? Ile ya mu duka ya Bazungu, hata kuitazama wanakuuliza unatafuta nini."

"Tutatengeneza."

"Tutatengeneza? Mi na wewe?"

"Mi na wewe."

Kapinga alicheka mpaka akamwaga maharagwe. Lakini alipokuwa akiyaokota aliinua kichwa, akauliza, "Kamba tutaifanya na nini?" Germaine akajua kwamba amempata.

Walimwendea Floribert, seremala wa mtaa, aliyekuwa akiwatengenezea Wazungu viti vya kubembea na sasa hakuwa na wateja. Aliwasikiliza huku ameshika randa.

"Bamama, munataka kuwinda nini?"

"Gunia," alisema Kapinga.

Floribert alidhani anataniwa. Germaine alipomchorea kwa mkaa, juu ya ubao, umbo la zile ncha zilizopinda, aliweka randa chini, akakuna kidevu. Mbao za kupinda alizijua. Mgongo wa kiti cha kubembea haupindi wenyewe. Akachagua kipande cha mti mgumu wa porini kilichokauka juu ya paa lake, akakichonga taratibu kwa siku nyingi, kati ya kazi nyingine. Siku ya kupinda ncha alihitaji mvuke, na sufuria kubwa kuliko zote mtaani ilikuwa ya Kapinga. Basi upinde ule ulikunjwa juu ya sufuria ya kupikia bukari, yaani ugali, uani, huku Kapinga akichochea makala, yaani makaa, na Floribert akiubana mti kwenye kalibu na kupiga kelele, "Makala! Makala! Usiache mvuke ipoe!"

Vitu vingine walivitafuta wenyewe. Germaine alisokota kamba kwa uzi wa fundi viatu, akaipaka nta ya nyuki. Mishale waliikata kwenye matete ya mto, wakainyoosha kwa joto la moto. Manyoya yalitoka kwa kanga wa jirani, ambaye hakuchinjwa ila alifukuzwa sana. Ncha zilikuwa misumari iliyosuguliwa. Kiatu kibovu cha Anaclet kilitoa ngozi ya kukinga mkono na kipande kidogo cha kukinga vidole.

"Sikuifanya nguvu," Floribert aliwaambia alipowakabidhi upinde. "Upinde ya kwanza iwe laini. Ukivuta na mikono inatetemeka, haulengi tena, unapigana nayo tu."

Nje ya mji, kandokando ya njia ya Kasapa, kuna vichuguu virefu kuliko nyumba. Walichagua kimoja kilicho mbali na njia, wakaegemeza mbele yake gunia lililojazwa nyasi na vipande vya vitambaa, ili mshale ukikosa gunia uishie kwenye udongo. Walisimama karibu sana, karibu kiasi cha kuona aibu. Mshale wa kwanza wa Germaine uliangukia miguuni pake. Wa pili ulipiga kichuguu, ukavunjika. Kamba ilimchapa mkono juu ya ile ngozi ya kiatu, na jioni Anaclet alipoona uvimbe alitaka kujua ni nani aliyempiga mke wake.

Kapinga ndiye aliyekuwa na kipaji. Alikuwa mwanamke mrefu, wa mikono mirefu, asiye na haraka. Alivuta kamba mpaka kwenye mdomo, akakaa pale kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akaachia vidole tu, bila kusukuma mkono. Gunia likasema *pfu*. Akageuka kumtazama Germaine, na macho yake yalikuwa ya msichana.

"Ndio vile," alisema. "Ndio vile, mudogo wangu. Usiitupe. Uiache iende."

Upinde ulikuwa mmoja na wao walikuwa wawili, kwa hiyo kila mmoja alipiga mshale mmoja akampa mwenzake. Aliyesubiri alitazama mabega ya mwingine na kumwambia kosa lake. Hivyo walijifunza upesi kuliko ambavyo kila mmoja angejifunza na upinde wake. Watu walipojua, walicheka. Mama mmoja bombani alimwuliza Germaine, ambaye hakuwa amejaliwa mtoto, kama upinde ndio atakaoufunga mgongoni. Germaine alibeba ndoo yake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata alipiga gunia mara nyingi kuliko siku zote, na Kapinga, aliyekuwa amesikia yote bombani, alimpa zamu zake zote.

Mwaka 1961 ulikuja vibaya. Huko kaskazini Baluba walipigana na askari wa Katanga, na ilisemekana vijana wao wanapigana kwa mishale yenye sumu. Mjini, Muluba yeyote akawa mtu wa kutazamwa mara mbili. Wa Kasai ndio walioambiwa waziwazi warudi kwao, hata wale waliozaliwa palepale. Edouard alifukuzwa kazi. Usiku walisikia milango ikipigwa mateke mtaani, na asubuhi nyumba fulani ilikuwa tupu.

Anaclet alimshika Germaine mkono. "Choma ile kitu."

"Ni ya kuchezea tu."

"Baaskari hawataniuliza kama ni ya kuchezea. Watasema, Muluba na upinde. Watanimaliza hapa ku mulango."

Alikuwa anasema kweli, na Germaine alijua. Lakini hakuuchoma. Aliutoa kamba, akapitisha pazia la chumba cha kushonea juu yake, akautundika dirishani kwa misumari miwili. Ukawa mti wa pazia, umepinda kidogo huku na huku. Mishale aliichoma.

Mwishoni mwa Agosti, asubuhi, Kapinga aligonga ukuta. Germaine alipotoka alimkuta uani na godoro kichwani. Edouard alikuwa mbele na masanduku. Watu wa Kasai, kwa maelfu, walikuwa wanakimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa, na kambi ilikuwa inaota nje ya mji kama uyoga.

"Yaya, mutarudi lini?"

"Wakichoka kutuchukia," alisema Kapinga. Alitaka kusema zaidi, lakini Edouard alimwita, na godoro lilikuwa zito. Alimshika Germaine shavu kwa mkono mmoja, akaenda.

Germaine alipopata njia ya kwenda kambini, mapigano ya Septemba kati ya askari hao na wale wa Katanga yalikuwa yamepita. Hakuwa amewahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja. Vibanda vya magunia, makartoni na nyasi vilibanana mpaka upeo wa macho, na moshi ulikaa juu yao kama kifuniko. Aliuliza, akapotea, akauliza tena. Kapinga alikuwa amekaa nje ya kibanda, amekonda, anafua kwa maji machafu. Walikumbatiana muda mrefu.

Njiani Germaine alikuwa ameona vijana wakirandaranda na pinde zilizochongwa ovyo na mishale ya chuma cha mwavuli. Walilinda mitaa ya kambi, na walihukumu watu pia.

"Bado unapiga?" Kapinga aliuliza.

"Hapana. Nakungojea."

"Usiningoje, Germaine."

"Mi nitakungojea tu."

Kapinga aliangalia pembeni. Kijana mmoja alipita na upinde begani, na Germaine aliona Kapinga akivuta miguu yake ndani ya kibanda, haraka, kama mtu aliyekanyaga baridi. Alimwachia unga na kipande cha sabuni, akarudi mjini kabla jua halijaegemea.

Katikati ya mwaka uliofuata waliambiwa kwamba wakimbizi watarudishwa Kasai kwa treni. Anaclet alileta habari ya siku ya safari. Germaine alifika stesheni mapema, lakini kamba ya kuzuia watu ilikuwa imefungwa, na askari hawakumruhusu mtu kukaribia mabehewa. Alisimama kwa mbali, akitafuta uso mmoja kati ya nyuso zote zile za madirishani. Kapinga ndiye aliyemwona kwanza. Hakupunga mkono. Alinyoosha mkono wa kushoto nje ya dirisha, akarudisha wa kulia mpaka kwenye kona ya mdomo, akabaki hivyo, ametulia, hadi behewa lilipoanza kusogea. Kisha akafungua vidole.

Nusu ile ya nyumba ilipewa watu wengine, kijana wa karakana na mkewe Annie. Annie alikuwa mchangamfu, akamsalimia Germaine kila asubuhi. Germaine alijibu salamu na kuingia ndani. Hakuwa na kosa la kumshika nalo. Ni kwamba Annie alipokohoa upande wa pili wa ukuta, hakikuwa kile kikohozi alichokizoea.

Mwanzoni mwa 1963, baada ya mapigano ya mwisho, utengano uliisha. Vizuizi viliondoka barabarani. Mvua zilipopungua, Germaine alishusha pazia, akautazama mti wake. Haukuwa umeharibika. Alisokota kamba mpya, akakata matete, akaenda peke yake kwenye kichuguu cha Kasapa. Gunia halikuwepo, wala alama yake. Alijaza lingine.

Mikono ilikuwa imesahau, lakini haikusahau yote. Baada ya majuma machache mishale ilianza kukaa pamoja kwenye gunia. Siku moja mishale miwili iligusana kabisa, kiasi kwamba manyoya yalikwaruzana, na Germaine aligeuka mbio kumwonyesha mtu. Nyuma yake palikuwa na nyasi tu. Alisimama pale na upinde wake, na lile neno "Yaya" alilokuwa amekwisha kulifungulia mdomo likabaki halina pa kwenda. Siku ileile aliamua kutengeneza upinde wa pili.

Floribert alikuwa amezeeka mikono. Akamwelekeza tu, na Germaine akachonga mwenyewe. Aliufanya mrefu, kwa kupima mikono ya Kapinga kwa kumbukumbu: akisimama hivi, bega lake lilifika hapa. Ncha ya kwanza ilipasuka kwenye mvuke, akaanza upya na mti mwingine. Alipomaliza, habari zilikuwa zimemfikia kupitia wafanyakazi wa treni kwamba Edouard na mke wake wako Mwene-Ditu, wanauza vitambaa. Reli ilipofunguliwa mpaka kule, Anaclet alimtafutia nafasi.

"Umubebee na ndizi," Anaclet alisema, akiutazama ule upinde uliofungwa ndani ya kanga. "Muntu anakula ndizi."

Kapinga alimpokea kwa kelele mpaka majirani wakatoka. Alikuwa amenenepa tena kidogo, na nywele zake zilikuwa na mvi mbele. Walikula, wakataja waliokufa na waliozaliwa. Mchana Edouard alipotoka, Germaine alifungua kanga.

"Nilikuletea kitu."

Kapinga aliutazama upinde kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma. Hakunyoosha mkono.

"Ni ya mikono yako," alisema Germaine. "Nilipima na kichwa."

"Naona. Ulifanya muzuri sana." Kapinga alikaa chini. "Germaine, mi sitaki."

Nje mtu alikuwa akitwanga. Kapinga alieleza polepole, akitazama sakafu. Kule kambini vijana walimshtaki jirani yao, Clément, baba wa watoto, kwamba ni mpelelezi. Walimpiga mshale tumboni mbele ya kibanda. Kapinga ndiye aliyemshika kichwa mpaka mwisho, na mwisho ulichelewa kufika.

"Kamba ikilia, mi nasikia yeye. Hata muntu akipiga kamba ya kuanikia nguo, nasikia yeye."

Germaine aliuzungusha upinde upesi ndani ya kanga. "Nisamehe, yaya. Mi nilifikiri unaitamani."

"Natamani." Sasa Kapinga alikuwa analia. "Natamani ile njia ya Kasapa, na ile kichuguu. Natamani wewe unacheka juu ya mushale imeanguka mu miguu. Kila siku natamani. Lakini upinde, hapana. Upinde iliisha."

Germaine alikaa kando yake. Alimshika mkono, na walikaa hivyo mpaka yule mtu wa nje alipomaliza kutwanga. Mwenzake alikuwa hapa, joto la bega lake lilikuwa hapa, na bado alimkosa, kama alivyomkosa siku zote zile upande wa pili wa ukuta.

Alibaki juma zima. Walikwenda sokoni pamoja, wakapima vitambaa, wakagombana na wateja. Siku ya kuondoka Kapinga alimsindikiza stesheni, akambebea mwenyewe kile kifurushi kirefu bila kukifungua.

"Nifanye nini nayo?" Germaine aliuliza.

"Tafuta mwenye kusimama nayo. Ni upinde muzuri, isikae bule." Kisha, treni ikikaribia: "Na wewe usiache. Nataka nikilala nijue kuko muntu anapiga ile gunia."

Makomeno, siku kadhaa baada ya kurudi, Germaine alimkuta Annie uani akianika nguo, akamwuliza kama ana kazi Jumamosi. Annie alishtuka, maana ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa kitu. Alikuja. Upinde ulikuwa mrefu kwake, akacheka kila mshale ulipopotea, na aliuliza maswali mengi kuliko alivyopiga. Alikuja Jumamosi kadhaa, mpaka mimba yake ilipokuwa kubwa, kisha hakuja tena. Lakini asubuhi alipomsalimia Germaine, sasa Germaine alisimama, wakaongea.

Kwa Kapinga alikwenda tena, karibu kila kiangazi, akibeba ndizi. Hawakuutaja upinde. Walizungumza mpaka sauti zikakauka, na treni ya kurudi kila mara ilifika mapema mno. Akifika nyumbani Germaine aliweka mzigo mlangoni bila kuufungua, akachukua upinde, akaenda njia ya Kasapa. Alivuta kamba mpaka kona ya mdomo na kukaa pale kadiri mikono ilivyoweza, akitazama gunia bila kuliona sana, kisha akaiacha iende.